Kuchaji simu bila waya ndani ya gari: maswali tunayoulizwa hapa Tanga

Maswali haya yanatoka kwa madereva wa teksi na bajaji wa Ngamiani, wenye Noah zinazopakia Kange, na watu wenye magari yao binafsi ambao simu zao hazikutoka kiwandani na uwezo wa kuchaji bila waya. Niseme mapema, kwa sababu majibu mengi yanategemea hili: kibandiko cha kuchajia bila waya, yaani karatasi nyembamba yenye koili inayobandikwa mgongoni mwa simu, hakiifanyi simu ijae haraka. Kazi yake kubwa ni kuliokoa tundu la chaji. Kama unachotafuta ni kasi, baki na waya wako, wala hutahitaji kusoma zaidi.

Umeme unapitaje bila waya?

Ndani ya sahani ya chaja kuna koili, waya wa shaba uliozungushwa duara. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde, na kuzalisha uga wa sumaku unaobadilika pamoja nao. Koili ya pili, iliyo mgongoni mwa simu, ikisogezwa karibu huugeuza uga huo kuwa umeme tena. Michael Faraday alionyesha kanuni hii Uingereza mwaka 1831. Kilichokuja juzijuzi ni makubaliano ya watengenezaji yanayoitwa Qi, hutamkwa "chi", chini ya Wireless Power Consortium iliyoundwa mwaka 2008. Ukiona alama ya Qi kwenye boksi, ujue chaja ile haimwagi umeme ovyo: inasubiri kifaa kijitambulishe, kiseme kinataka kiasi gani, na kiseme basi kikitosheka.

Umbali unaofanya kazi ni milimita chache tu. Simu ikiteleza pembeni kidogo kwenye kona, chaji inapungua au inakata kabisa.

Nitajuaje kama simu yangu tayari inao uwezo huo?

iPhone zinao kuanzia 8 na X za mwaka 2017. Samsung za mfululizo wa S zinao kuanzia S6 ya mwaka 2015. Samsung za A tunazoziuza sana hapa hazina, na Tecno, Itel na Infinix za bei ya kawaida hazina, ingawa Infinix Note 40 Pro ya mwaka 2024 inao. Njia ya haraka kuliko kusoma makaratasi ni kuja na simu na kuiweka juu ya sahani. Ikichaji, rudi nyumbani ununue stendi tu, yaani kishikio cha simu cha ndani ya gari chenye sahani ya chaja.

Mgongo wa bati unakuambia mapema kwamba hakuna kitu ndani. Mgongo wa kioo au plastiki haukuhakikishii lolote.

Haina. Naongezaje?

Kwa kibandiko. Ni karatasi nyembamba yenye unene wa kama milimita moja, ndani yake mna koili, kipande cha feraiti (kinachozuia uga wa sumaku usipenye upande wa pili) na kisaketi kidogo. Kutoka kwenye karatasi hiyo unatoka utepe bapa wenye pini, nayo unaichomeka kwenye tundu la chaji la simu. Karatasi unaibandika mgongoni, kisha unavalisha kava juu yake. Kuanzia hapo simu inaamini imechomekwa chaja ya kawaida.

Nunua chenye pini inayolingana na simu yako: taipu C, mikro, au Lightning kwa iPhone za zamani kama 6 na 7. Kwenye mikro pana mtego. Tundu la mikro lina upande mpana na upande mwembamba, na viwanda vya simu havikukubaliana upande mpana utazame kioo au mgongo, ndiyo maana vibandiko vya mikro vinauzwa vya aina mbili. Ukichukua kisicho chako, pini itaingia vizuri tu, lakini koili itatazama ndani ya simu na feraiti itatazama nje, na hakitachaji. Njoo na simu mkononi. Usimtume mtoto dukani na jina la simu peke yake.

Tundu langu la chaji limekufa. Kibandiko si ndiyo dawa?

Hapana, na hili ndilo swali linaloniuma kulijibu, kwa sababu mtu huwa ameshalipia kibandiko mahali pengine kabla hajafika. Kibandiko kinapitisha umeme kwenye tundu lilelile. Kama tundu limekufa, umeme hauna pa kuingilia.

Wapo mafundi wanaofungua simu na kuunganisha nyaya za kibandiko ndani kwa risasi ya kuchomelea, moja kwa moja kwenye njia ya chaji. Inawezekana, lakini mimi siifanyi. Koili inakuwa imebanwa juu ya betri, mgongo haufungi sawasawa, na ukikosea njia unaruka ulinzi ambao kiwanda kiliuweka kati ya chaja na betri. Kibao cha chaji, kile kinachobeba tundu, cha simu nyingi zinazotumika hapa mjini ni kipande kidogo kinachojitegemea, kinabadilishwa haraka. Tengeneza tundu kwanza. Kibandiko kije baadaye kulilinda lile jipya.

Linda tundu kutokana na nini hasa?

Fikiria siku ya dereva wa teksi. Abiria anashuka Raskazone, dereva anachomoa simu apokee malipo. Anachomeka. Anapigiwa, anachomoa tena. Mwingine anashuka Chuda, yaleyale. Waya kwenye gari hauchomekwi taratibu kama nyumbani; unachomekwa kwa mkono mmoja, simu imelala upande, macho yako barabarani. Pini inalazimishwa, ulimi wa katikati ya tundu unalegea, na miezi michache baadaye unaanza kushikilia waya kwa pembe fulani ndipo ichaji.

Juu ya hapo tuko pwani. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, na umeme ukikutana na unyevu wenye chumvi kwenye vidoti vya shaba, matokeo yake ni ile kutu ya kijani ninayoiona kila nikifungua simu ya mtu anayefanya kazi bandarini au aliyekuwa anavua. Pini ya kibandiko ikikaa tuli, msuguano unaisha. Lakini kutu haiishi! Pini haizibi tundu lisipitishe unyevu, kwa hiyo ichomoe mara mojamoja, pengine kila mwezi, uangalie, upulize vumbi, na kama pana weupe au ukijani ulete usafishwe kwa spiriti. Simu ikilowa, chomoa kibandiko mara moja na usiiweke kwenye stendi hadi ikauke kabisa.

Nikitoka Tanga na betri iko chini, nitafika Dar imejaa?

Tupige hesabu. Betri ya mAh 5,000, ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi, inabeba takribani wati-saa 19. Kibandiko cha kawaida kinatoa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5, na hizo ni pale koili zimekaa sawasawa. Simu iliyozimwa kioo ingehitaji karibu saa 4 kwa wati 5 kamili. Kwa kuwa umeme mwingine unapotea njiani na betri hupunguza kasi ikikaribia kujaa, weka saa 5 au 6.

Sasa washa ramani, ongeza mwanga wa kioo kwa sababu ya jua, data iwe wazi. Simu inakula wati 2 hadi 3 kwa matumizi yake yenyewe. Betri inabaki kugawiwa nusu. Kwa safari ya kilomita 350 hivi kupitia Segera na Chalinze utafika na chaji zaidi ya uliyoondoka nayo, na kwa wengi hiyo inatosha. Kutoka asilimia 10 hadi 100 huku ramani inawaka, sahau. Ukiwa na haraka ya namna hiyo, chomoa kibandiko utumie waya wa wati 18 au 33 uliokuja na simu.

Mjini hali ni nyingine. Simu inawekwa kwenye stendi kila ikitoka mkononi, vipande vya dakika kumi kumi vinajumlishana, na jioni simu bado iko hai. Hapo ndipo kibandiko kinapostahili pesa yake.

Na vile vibandiko vilivyoandikwa wati 10 au 15?

Pima usiamini boksi. Kwenye Android kuna programu inayoitwa Ampere inayoonyesha mkondo unaoingia kwenye betri. Weka simu kwenye stendi, zima ramani, subiri kidogo, soma. Simu ikiandika "inachaji polepole", umepata jibu.

Nibandikeje?

Usianze na gundi. Hapa ndipo watu wanapoharibu, na ni kazi inayotaka subira.

Chomeka pini kwanza. Laza karatasi mgongoni bila kutoa ngozi ya gundi, ishike kwa selotepu au mpira wa pesa. Weka simu kwenye stendi utakayotumia, ndani ya gari lako mwenyewe, si kwenye sahani ya dukani. Isogeze juu, chini, kushoto, kulia mpaka uone inachaji bila kukatakata, kisha weka alama ya penseli pembezoni mwa karatasi. Kwenye simu nyingi utepe ni mfupi na koili inaangukia chini ya katikati ya simu. Si tatizo, mradi stendi iweze kuifuata.

Ukiridhika, futa mgongo kwa spiriti uondoe mafuta ya mikono, bandika, kandamiza taratibu. Utepe uache upinde wenyewe kwa mviringo kutoka kwenye tundu kwenda mgongoni. Ukiukunja kwa ncha kali kama unakunja karatasi, nyuzi za shaba ndani zinakatika, na kibandiko kitaanza kuchaji leo kesho hakichaji. Valisha kava mwishoni. Kava ndilo linaloshika kila kitu. Simu isiyo na kava sikushauri kibandiko kabisa.

Kava gani?

La mpira au plastiki nyembamba, hadi kama milimita 3. Lenye bati, lenye pete ya kushikia kidoleni katikati, au la pochi lenye mifuko ya kadi, hapana. Bati lolote kati ya koili mbili hupata moto; chaja nzuri huligundua na kukata, ya bei ya chini huendelea kulichoma. Kile kibati kinachobandikwa kwa ajili ya stendi za sumaku ndicho kinachosahaulika zaidi. Kitoe.

Kadi za benki nazo zisikae kati ya simu na chaja.

Stendi ipi inafaa?

Kwa simu yenye kibandiko, nashauri stendi ya kubana yenye mguu wa chini unaopanda na kushuka. Kwa kuwa koili yako haiko pale kiwanda cha stendi kilipotarajia, mguu huo ndio unaokuruhusu kuipandisha simu hadi koili zikutane. Zile zinazofunguka na kufunga zenyewe kwa motori ni nzuri, ila zikikosa umeme zinagoma kuachia simu, kwa hiyo jifunze mahali kitufe cha kufungulia kilipo kabla ya kuondoka nayo.

Mahali pa kuifunga ni muhimu kuliko aina yake. Ifunge kwenye matundu ya kiyoyozi, upepo wa baridi uupige mgongo wa simu. Stendi ya kunyonya kioo au dashibodi inaweka simu juani, na ukitoka mjini mchana kwenda Muheza na Segera unaelekea magharibi, jua la alasiri linakuja usoni mwako na usoni mwa simu safari nzima. Mpira wa kunyonya nao hulainika kwa joto na kuachia.

Sahani ya kulaza karibu na gia huteleza kwenye barabara mbovu. Kwa gari linalotulia kwenye lami tu, itafaa.

Nichomeke stendi kwenye USB ya redio?

Nyingi za hizo zilitengenezwa kusomea flashi. Zinatoa ampea 0.5, sawa na wati 2.5, na stendi itawaka taa bila kuchaji cha maana. Tumia tundu la kiberiti cha gari na kichwa cha chaja chenye QC au PD (alama za chaji ya haraka) cha wati 18 kwenda juu. Hata kibandiko cha wati 5 kinahitaji kichwa chenye nguvu, kwa sababu robo au zaidi ya umeme inapotea kati ya koili na koili, na stendi nyingi hazikubali kuamka kwa chaja dhaifu. Angalia na waya unaotoka kwenye kichwa hadi stendi. Ule mwembamba wa kununua barabarani unaweza kuharibu mpangilio wote huku lawama ikienda kwa kibandiko.

Fyuzi haitaungua kwa hili. Wati 20 kwenye volti 12 ni chini ya ampea 2. Ukisikia redio inakoroma baada ya kuchomeka, kichwa ndicho kibovu, kibadilishe.

Lori langu ni volti 24. Je?

Soma maandishi kwenye kichwa. Kikiandikwa 12–24V hakuna shida. Kikiandikwa 12V pekee, usikijaribu hata kwa dakika moja.

Simu inapata moto. Ni kawaida?

Uvuguvugu ni kawaida. Umeme unaopotea njiani unageuka joto, na joto hilo liko mgongoni, juu ya betri. Ukiishika ukatamani kuiachia, hiyo si kawaida tena.

Simu nyingi zimetengenezwa kutumika kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Miezi ya kaskazi hapa kwetu hewa yenyewe kivulini inakaribia kikomo hicho, na gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Kwa hiyo ukiingia kwenye gari lililokuwa limeegeshwa, usiweke simu kwenye stendi papo hapo. Fungua vioo, washa kiyoyozi, acha gari lipoe kwanza. Usiiache simu kwenye stendi ukishuka kwenda sokoni. Simu nzuri itajilinda, itapunguza chaji au kuisimamisha. Ukiona chaji imegoma asilimia 80 wakati wa jua kali, inafanya kazi yake, iache.

Mgongo ukianza kuinuka, au kioo kikiachana na fremu, betri imevimba. Chomoa, zima, ilete. Usiitoboe wala kuibana irudi.

Sumaku za iPhone mpya zinanihusu?

iPhone 12 ya mwaka 2020 na za baadaye nyingi zina duara la sumaku linaloivuta koili mahali pake, na mwaka 2023 utaratibu huo uliingizwa kwenye Qi2, toleo jipya la Qi lililoanza na wati 15. Kama simu yako inazo, nunua stendi ya sumaku na kava la sumaku, tatizo la kuteleza limekwisha. Kwa simu yenye kibandiko unaweza kubandika pete ya sumaku juu ya kava, mradi iwe pete yenye uwazi katikati na iizunguke koili. Pima kwa selotepu kwanza kama ulivyopima kibandiko. Simu nzito kwenye barabara ya vumbi itadondoka hata hivyo. Huko bado natetea stendi ya kubana.

Mtu mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia mapigo ya moyo aiweke simu na chaja ya sumaku mbali na kifua. Apple wanashauri zaidi ya sentimita 30 wakati simu inachaji bila waya. Aulize daktari wake pia.

Dereva wa bajaji na wa bodaboda je?

Bajaji, ndiyo, ikiwa stendi imefungwa ndani mvua isipofika na umeme unatoka kwenye tundu lililofungwa na fundi umeme pamoja na fyuzi yake. Usiunganishe nyaya tupu kwenye betri.

Bodaboda, hapana. Mtikisiko unaisogeza simu nje ya koili kila mara, mvua inaingia kwenye tundu, na mwaka 2021 Apple walionya kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kutuliza picha. Beba pawabenki mfukoni.

Android Auto, ile inayoonyesha ramani na programu za simu kwenye kioo cha redio ya gari, itaendelea kufanya kazi?

Ile ya waya, hapana, kwa sababu tundu limeshikwa na kibandiko hakipitishi data. Ile isiyo na waya itafanya kazi kama redio yako inaiunga mkono. Spika za bluetooth haziguswi na lolote. Erfoni za waya za taipu C nazo zitakosa pa kuingia.

Stendi ikikaa imechomekwa usiku kucha italiua betri la gari?

Inategemea gari. Kwenye baadhi, tundu la kiberiti linazimika na ufunguo. Kwenye mengine linabaki na umeme. Zima gari, angalia kama taa ya stendi bado inawaka. Ikiwaka, chomoa kila unapoegesha, hasa gari linalokaa siku kadhaa bila kuwashwa. Na ufunguo wa gari wa rimoti usiuweke juu au kando ya sahani ya chaja, unaweza kuvuruga mawasiliano yake na gari.

Nikitaka kukitoa?

Vua kava, chomoa pini kwa kuivuta wima bila kuipindisha. Pasha karatasi kidogo kwa upepo wa drayea ya nywele, kwa mbali, gundi ilainike, kisha inua kona moja kwa kadi ya plastiki na uendelee polepole. Usitumie kisu, chini yake kuna betri. Gundi inayobaki inatoka kwa spiriti na kitambaa. Kibandiko chenyewe mara nyingi hakitabandikika tena vizuri, ila kama utepe haujavunjika kinaweza kutumika kwenye simu nyingine yenye pini ileile, kwa kushikwa na kava tu.